Rimoti na prosesa ya sinema ya nyumbani: kipi kinunuliwe?

Mwenye Sebule, Tanga
Ndugu wanajamvi, nina televisheni, king'amuzi, PlayStation 4, spika tano na sabufa moja. Ninasita kati ya prosesa inayojitegemea, ambayo haina amplifaya (kikuza sauti kinachosukuma spika) ndani yake, na resiva moja yenye vyote. Vilevile nataka rimoti moja tu mezani. Mnanishauri nini?

Fundi Sauti
Kwa spika tano sioni sababu ya kutenganisha. Kazi ya prosesa ni kufumbua sauti ya filamu iliyofungwa kwa mifumo ya Dolby au DTS, kuigawa kwa kila spika na kuirekebisha kulingana na chumba; resiva hufanya hayo yote, kisha ikasukuma na spika zenyewe. Denon AVR-X3800H, kwa mfano, ina amplifaya tisa ndani, na nyuma yake yapo matundu ya kupeleka sauti kwenye amplifaya za nje siku utakapozihitaji. Fedha itakayobaki inunulie sabufa bora.

Msikilizaji wa Nyali
Naafiki, ila angalia omu za spika, yaani ukinzani wake wa umeme; zikiwa chache, resiva hulemewa zaidi. Zangu ni za omu 4, na resiva yangu ilikuwa ikipata moto na kujizima kila filamu ilipofika penye milipuko. Nilipoongeza amplifaya ya nje kwa spika za mbele, ilitulia, nayo sasa inafanya kazi ya prosesa tu.

Bibi Vitufe
Kuhusu rimoti, anza na kisicho na gharama: washa HDMI-CEC, yaani njia ya vifaa kuamrishana kupitia waya wa HDMI, kwenye menyu za vifaa vyako. Usikimbilie Harmony za mitumba, zile rimoti za kuongoza vifaa vingi, kwa kuwa Logitech walitangaza mwaka 2021 kuacha kuzitengeneza. Kumbuka pia kwamba PlayStation 4 haisikii infraredi (mwanga usioonekana unaotumiwa na rimoti za kawaida), bali Bluetooth, hivyo rimoti ya infraredi pekee haitaifikia.

Mimi nilitunga amri moja ya kuwasha vyote, bila kujua kwamba king'amuzi changu kinatumia alama ileile kuwaka na kuzimika. Umeme ulipokatika na kurudi, kikawaka chenyewe huku televisheni ikibaki imelala; tangu hapo kila nikibonyeza, kimoja kinawaka na kingine kinazimika, na wajukuu wanacheka. Tafuta vifaa vyenye alama mbili tofauti, moja ya kuwasha na nyingine ya kuzima.

Mwenye Sebule, Tanga
Shikamoo Bibi, nimekuelewa. Nimegeuza spika, zimeandikwa omu 8, basi nachukua resiva. Televisheni yangu ina ARC ya kawaida (njia ya kurudisha sauti ya televisheni kwenye resiva kwa waya wa HDMI), si eARC yenye uwezo mkubwa zaidi. Je, nitapoteza sauti?

Fundi Sauti
Hutapoteza, mradi king'amuzi na PlayStation uvichomeke kwenye resiva moja kwa moja, kisha waya mmoja wa HDMI upeleke picha kwenye televisheni. ARC itabaki kwa programu zilizomo ndani ya televisheni yenyewe, na kwa hizo inatosha.