Karakana chini, ofisi juu: lifti ya mizigo au njia ya malori?

Mwenye Kiwanja: Wanajukwaa, nawasalimu. Nina kiwanja Chang'ombe, Dar es Salaam, na mbunifu wangu anataka jibu mwezi ujao ili aanze michoro. Nakusudia jengo la ghorofa nne, viwanda vidogo vikae sakafu tatu za chini na ofisi ziwe juu. Ama niweke lifti kubwa ya mizigo, ama nijenge njia ya mteremko ili lori lipande lenyewe, kama yalivyo majengo ya viwanda ya Singapore. Lipi lina manufaa?

Msanifu wa Temeke: Ndugu mleta mada, swali hilo halijibiki bila vipimo. Kiwanja kina ukubwa gani, hati inaruhusu matumizi gani, na wapangaji watafanya kazi gani? Mshona nguo na mchomelea vyuma hawawekwi kwenye sakafu ya aina moja.

Mwenye Kiwanja: Samahani kwa kuyaacha hayo. Ni mita 40 kwa 30. Natarajia washonaji, wachapaji na maseremala. Hati nitaitazama.

Msanifu wa Temeke: Basi njia ya malori itakuumiza. Sakafu ya chini ikiwa na kimo cha mita 6, mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10 unadai urefu wa mita 60, na hata kwa upana wa mita 4 tu umeshatoa mita za mraba 240, yaani sehemu moja ya tano ya kiwanja, kabla hatujahesabu kona. Jengo la Starrett-Lehigh la New York, la mwaka 1931, liliwekewa lifti zilizopandisha lori zima pamoja na shehena yake, kwa hiyo lifti si jambo la kudharauliwa.

Mchapaji: Naomba nipinge kwa yaliyonikuta. Nilipanga ghorofa ya pili ya jengo lililojengwa kwa ajili ya ofisi, ambalo mwenyewe baadaye aliamua kupokea hata wenye mitambo. Lifti ya mizigo ilikuwa moja. Ilipoharibika tulisubiri wiki saba, na muda wote huo mabunda ya karatasi yalipandishwa ngazini mabegani mwa vibarua, hadi mmoja wao alipoteleza akavunjika kifundo cha mguu. Nilimlipia matibabu, lakini kila nimwonapo akichechemea naumia, kwa maana nilijua kwamba ngazi ile haikuwa njia ya mizigo. Wahasibu waliokuwa juu yangu nao walilalamika kila nilipowasha mashine, kwa sababu meza zao zilitetemeka, na walikuwa na haki. Jenga njia ya malori, hata ikila theluthi ya kiwanja.

Mhandisi wa Miundo: Pole sana, ndugu Mchapaji. Hata hivyo, mtetemo huo haukuletwa na lifti. Sakafu ya ofisi hukadiriwa kubeba kilo 250 hadi 300 hivi kwa mita ya mraba, ilhali ya ghala hudai mara mbili, mara tatu au zaidi. Tukumbuke Rana Plaza, karibu na Dhaka, tarehe 24 Aprili 2013: jengo la maduka na ofisi lilijazwa viwanda vya nguo na jenereta nzito ghorofani, likaporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100.

Mkandarasi: Rana Plaza iliongezewa ghorofa bila kibali, tena juu ya ardhi dhaifu. Tusiwatishe watu kwa mashine peke yake.

Mhandisi wa Miundo: Sikusema peke yake. Nyufa zilionekana siku moja kabla, benki iliyokuwa humo ikaondoa watu wake, lakini washonaji wakaamriwa kurudi kazini. Mzigo na kiburi vilikutana.

Mkaguzi wa Moto: Mnajadili uzito na kusahau vumbi la mbao. Mwaka 2016 jengo la zamani la viwanda huko Hong Kong, lisilo na vinyunyizio vya maji, liliungua zaidi ya siku nne na kuua wazimamoto wawili. Maseremala chini ya ofisi siwaafiki, labda kuwe na ngazi mbili zilizotenganishwa.

Mchapaji: Seremala naye aende wapi, ikiwa kila jengo la mjini litamkataa?

Mwenye Kiwanja: Nimeitazama hati. Imeandikwa makazi na biashara. Neno viwanda halimo.

Msanifu wa Temeke: Basi usilipe mchoro wowote kwanza. Nenda manispaa, idara ya mipango miji, ukaulize habari ya kubadili matumizi, na uwatajie maseremala waziwazi.

Mwenye Kiwanja: Nitakwenda Jumatatu. Lakini wakikubali, bado sijajua nichague lifti ngapi.

Mchapaji: Zisipungue mbili.