Naomba ushauri: hedi ya 1KZ imeskimiwa na kusagwa valvu lakini asubuhi inagoma kuwaka

Wakuu habari za saa hizi, nina Prado yenye injini ya 1KZ (dizeli ya Toyota), mwezi uliopita ilichemsha nikipanda mlima Kitonga, kosa langu kabisa maana rejeta ilikuwa inavuja nikawa naongeza tu maji. Hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) ikafunguliwa, ikapimwa presha haina ufa (nilishukuru sana, si mnajua hedi za alumini zikichemsha hupasuka kirahisi), ikaskimiwa (uso wake ukasawazishwa kwa mashine), valvu zikasagwa na siti zake (pale zinapokalia), gasketi mpya, oil seal mpya.

Sasa tatizo, asubuhi napiga starta mpaka betri inalia, ikiwaka inatetemeka kama inatembea na silinda tatu kati ya nne na moshi mweupe unaonuka dizeli, ikipata moto inatulia. Maji hayapungui.

Fundi anasema ni nozeli (za kupulizia dizeli). Mimi nina wasiwasi na kliaransi (nafasi kati ya kemu na valvu), maana ukisaga valvu na siti, valvu inazama, mguu wake unapanda juu, nafasi ya kwenye shimu (kisahani cha chuma cha kurekebishia kliaransi) inapungua, na nilipomuuliza kama alipima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) akajibu "zilikuwa sawa tangu mwanzo" na shimu karudisha zilezile! Wala sikumuona akimwaga mafuta ya taa kwenye matundu kuangalia kama valvu zinavuja.

Waliowahi kupitia hili, nianze na kupima kliaransi na kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) au nozeli kwanza? Na shimu nyembamba mnazipata wapi, au mnazisaga? Gari ndo inanilisha, niko Iringa mjini.