Zabuni ya kuuzia serikali vifaa vya ofisi: nianzie wapi?

Muuza karatasi, Kampemba (mtaa wa Lubumbashi, kama Kenya na Katuba za wanaojibu):
Wakubwa wangu, nina duka dogo la karatasi na wino hapa Lubumbashi, nami nataka kuomba zabuni ya kupelekea ofisi ya serikali bidhaa ninazonunua kwa jumla. Je, mtu asiyetengeneza kitu anakubaliwa?

Jibu, Kenya:
Ndugu, anakubaliwa. Zabuni zetu za Kongo (DRC) zinafuata sheria nambari 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, ambayo inahesabu ununuzi wa bidhaa kuwa soko la serikali (yaani mkataba unaotolewa kwa zabuni) kama vile ujenzi. Tayarisha RCCM (cheti cha kuandikishwa kwa biashara), namba ya kitambulisho cha taifa cha biashara, namba ya kodi, na vyeti vya DGI (idara ya kodi) na CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) ambavyo muda wake haujapita, kwa sababu karatasi moja iliyopitwa na muda inatosha kuangusha bei nzuri kuliko zote.

Jibu, Katuba:
Mimi naogopa zaidi malipo kuliko karatasi. Nilipeleka meza katika ofisi moja, nikangoja miezi saba, huku aliyenikopesha akibisha mlangoni kila Jumatatu (mke wangu alishajua hatua zake). Kwa hiyo, mama au baba, weka ndani ya bei yako usafiri, forodha na gharama ya kungoja, na usitie sahihi kabla ya kusoma masharti ya malipo.

Muuza karatasi:
Asanteni. Wakininyima kwa upendeleo?

Jibu, Kenya:
Lalamika kwanza kwa maandishi kwa ofisi yenyewe, kisha kwa ARMP, mamlaka inayosimamia zabuni za serikali.