Duka la silaha limeniharibia mtutu mpya wa .375 kwa kisingizio cha "kuzoesha"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kumung'unya maneno. Bunduki yangu mpya, .375 H&H (ya risasi kubwa ya kuwindia wanyama wazito), niliyoisubiri miezi na miezi huku kibali kikizunguka kwenye meza za watu, imerudi mikononi mwangu ikiwa haina shabaha. Haikuanguka wala kunyeshewa. Imeharibiwa ndani ya duka la silaha nililoliamini, na fundi aliyenitoza laki tatu ya "kuzoesha mtutu".

Mimi ni msaidizi wa mwindaji bingwa. Msimu unafunguliwa Julai mosi na kazi yetu kubwa ni nyati. Siku ya kuichukua bunduki tulipiga risasi sita kwa umbali wa mita 100 ili kurekebisha darubini. Matundu matatu ya mwisho ungeyafunika yote kwa kiberiti kimoja. Kwa bunduki ya nyati hiyo ni zaidi ya nilichohitaji, na ningejua ningeondoka nayo dakika ileile.

Fundi akaniambia mtutu mpya lazima uzoeshwe, usipozoeshwa utakuwa unakamata shaba maisha yake yote. Hapo hakuwa ametunga uongo mtupu. Kiwandani, kekee inayochimba chemba (pale risasi inapokaa) na koo la mtutu (pale njia ya risasi inapoanzia) huacha mikwaruzo midogo iliyokaa kwa kukingama, si kwa kufuata njia ya risasi. Kichwa cha risasi kina koti la shaba. Kikipita kooni kinaparuzwa, na shaba ile kwa joto la baruti inageuka mvuke, inakwenda kuganda mbele kwenye mifereji ya mtutu. Risasi za mwanzo ndizo zinazolainisha hiyo mikwaruzo, na watu husafisha kila baada ya risasi moja ili shaba isiifunike kabla haijalainika. Watengenezaji wengine wa mitutu, Krieger wa Marekani akiwemo, wanaeleza utaratibu huu wazi kabisa. Wapo mafundi wakubwa wanaosema ni kupoteza muda na risasi. Mimi niko katikati: piga chache, safisha vizuri, mtutu wenyewe utakuonyesha lini umetulia. Nilimwambia fundi kumi zinatosha. Nikamwachia boksi mbili, risasi 40, kwa sababu bunduki ilikuwa inabaki kwao kwa hifadhi na sikutaka kubeba risasi bila bunduki.

Baada ya wiki narudi, nakuta risasi mbili. MBILI. Thelathini na nane zimepigwa, na mnajua risasi ya .375 inavyopatikana hapa nchini na inavyouzwa. Nikauliza kwa nini. Akajibu kwa kujiamini kabisa: "Mtutu ulikuwa mchafu sana mkuu, kila nikisafisha kitambaa kinatoka bluu. Nikawa napiga moja nasafisha, napiga moja nasafisha, brashi mara ishirini kila risasi."

Nikamwomba anionyeshe anavyosafisha. Akatoa mdeki (fimbo ya kusafishia ndani ya mtutu) wa chuma wa vipande vitatu, ule wa kuunganisha kwa kuzungusha. Akaichukua bunduki yangu, bolti (chuma cha nyuma kinachofunga chemba) ikiwa ndani, akaisimamisha kitako chini, akauingiza mdeki kwa mdomoni.

Nilihisi kama ananichokoa jicho. Hii ni bunduki ya bolti! Bolti inatoka kwa sekunde mbili, unaingiza mdeki mzima usio na maungio kupitia nyuma, ukiwa na kiongozi chemba pale kinachouweka katikati, brashi inatokea mbele na kazi imekwisha. Ukipitia mdomoni, kila msukumo chuma kinasugua ukingo wa mwisho ambao risasi inaugusa kabla ya kuondoka. Ukingo huo ukilika upande mmoja, gesi inatangulia kutokea upande huo na kuisukuma risasi kitako ikiwa ndiyo kwanza inaachana na mtutu. Hapo hata uwe na darubini ya bei gani hakuna kitakachokusaidia. Na pigeni hesabu kwa maneno yake mwenyewe: mara 20 kwa risasi 38 ni mara 760 chuma kwenye mdomo wa bunduki yangu.

Utetezi wake ukawa kwamba jeshini walisafisha SMG (bunduki za AK) hivyo hivyo miaka yote. Sawa, SMG hupitishiwa mbele kwa sababu nyuma hakuna njia. Lakini hata SMG, kile kikopo cha vifaa vyake kina kifuniko chenye tundu, unakivika mdomoni ili mdeki usiguse ukingo. Aliyepita JKT akafundishwa vizuri anakijua. Huyu hata kifuniko hakutumia.

Sasa njooni kwenye ile bluu, maana ndiyo iliyoniumiza kuliko yote. Dawa yake ni ya amonia, ile inayochoma pua ukifungua chupa. Kazi yake ni kuyeyusha shaba, na shaba ikiyeyuka kitambaa kinakuwa bluu. Na brashi yake imetengenezwa na nini? Shaba! Nikachukua kitambaa cheupe kipya, nikakilowesha kwa dawa yake, nikakiviringisha kwenye brashi yake safi juu ya kaunta, mbele ya macho yake na ya mteja mwingine aliyekuwa anasubiri. Bunduki iko pembeni, haijaguswa. Baada ya dakika kumi nikakifungua, kitambaa kina mistari ya bluu kufuata nyuzi za brashi, imekolea kuliko wino. Nikamuuliza, hapa mtutu uko wapi? Akaniambia dawa imechacha.

Yaani risasi 28 zaidi ya nilizomruhusu zimekwenda kwa sababu fundi alikuwa anafukuza rangi ya brashi yake mwenyewe. Ukishasugua kwa brashi ya shaba unapitisha kitambaa kikavu, ndipo unaweka dawa kwa brashi ya nailoni au kwa kichwa kisicho cha shaba, unasubiri dakika chache, unatoa na kutazama. Brashi yenyewe unaisuuza kila mara. Hilo ni jambo la kwanza kabisa kujifunza kwenye kazi hii, na yeye ana meza ya ufundi na cheti ukutani.

Halafu akasema, kama sifa, kwamba usiku wa mwisho "aliilaza dawa mpaka asubuhi ili itafune vizuri". Dawa ya amonia! Maandishi kwenye chupa yenyewe yanakataza. Ina maji ndani yake, na kwa unyevunyevu huu wa Dar, ambapo hata panga jikoni linashika kutu ukilisahau siku mbili, unaiacha ndani ya chuma usiku mzima na mafuta umeshayaondoa?

Nyumbani nilichukua kijiti cha pamba cha masikio, nikakipitisha taratibu mdomoni mwa mtutu kutoka ndani kwenda nje, nikizunguka. Sehemu kubwa kilipita laini. Nilipofika upande wa chini kushoto, pamba ikanasa na kuacha nyuzi mbili zikining'inia kwenye chuma. Nikarudia na kijiti kipya, ikanasa palepale. Rafiki yangu ana kamera ndogo ya kuchungulia mitutu. Tukaona sentimita tatu za mwisho zina mikwaruzo mirefu upande huohuo, na mbele ya chemba kuna vidoa vyeusi ambavyo bunduki iliyopiga risasi 44 tu haina sababu ya kuwa navyo.

Jumamosi nikaenda kupiga. Risasi aina ileile, mita 100 zilezile, mifuko ya mchanga ileile. Tatu za kwanza zilitawanyika upana wa sahani ya chai. Nikasema labda ni mimi. Nikapumzika, nikaacha mtutu upoe, nikampa mwenzangu ambaye ni mpigaji mzuri kuliko mimi. Akatawanya vilevile.

Kwa asiyewinda, sahani ya chai kwenye karatasi ni kitu kidogo. Kwa nyati, ndiyo tofauti ya kupiga moyo na kupiga tumbo. Nyati wa tumbo anaingia kwenye kichaka kizito na anasubiri. Anayetangulia kufuata damu ni mfuatilia nyayo wetu, mzee mwenye wajukuu, anatembea mbele akiwa ameinamisha macho chini kwa sababu anaamini bunduki iliyo nyuma yake. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea analipiwa kama aliyeuawa, lakini hiyo ni pesa. Mzee yule hana bei.

Nimerudi dukani mara mbili. Mara ya kwanza waliniambia nimeharibu mwenyewe kwa kupiga "risasi kali". Mara ya pili mwenye duka alinitolea laki tatu yangu, akaniambia tusahau. Nimezikataa. Ninachodai ni risasi 28 nilizopotezewa na gharama ya kukata ule ukingo upya kwenye mashine ya kerezo. Ni kazi ya milimita chache tu, ikifanywa na mtu anayejua, mtutu utarudi kupiga, ingawa vile vidoa mbele ya chemba vitabaki. Nimewaandikia barua, nakala ninayo, picha za kamera ninazo, karatasi za shabaha za kabla na za baada zote nimeziandika tarehe. Wakikaa kimya mpaka Ijumaa napeleka kwa mamlaka iliyowapa leseni.

Mlio na bunduki zimehifadhiwa au zinatengenezwa kwa watu, nendeni leo na kijiti cha pamba. Muulizeni fundi mdeki wake ukoje na anaupitishia wapi, na mwambieni awaonyeshe kwa vitendo, msikubali maelezo ya mdomo. Na kama kuna anayemjua fundi mwenye leseni na mashine ya kerezo, aliyewahi kukata mdomo wa mtutu wa .375 ukarudi kupiga, naomba aniandikie. Zimebaki wiki tano.