Mnaofundisha "rangi moja ibaki" kwa sisi tunaoanza kuedit, mnatumalizia bando na heshima mbele ya wateja

Wakuu kwema? Mimi si kwema. Naandika huu uzi saa sita usiku, macho yamevimba kama nimekata vitunguu vya shughuli nzima, na mods nawaomba msiuunganishe na ule wa "naomba apu nzuri ya kuedit picha" maana mimi sitafuti apu, mimi natafuta ugomvi.

Niko Karatu, nina kibanda cha stationari, fotokopi, pasipoti saizi, lamineshini, kuprinti CV za watu. Mwaka jana nikajibana nikanunua kamera ya mtumba nikaanza kupiga kipaimara na send-off. Sasa wateja wameona huko Insta ile staili ya picha nzima kuwa nyeusi na nyeupe halafu kitu kimoja tu kinabaki na rangi yake, maua ya bibi harusi, au tai ya bwana harusi, au gauni. Binafsi naiona ya kizamani kidogo, ila mteja akitaka chapati humpikii ugali. Dada mmoja kafanya send-off, gauni jekundu linaelekea damu ya mzee, anataka picha 12, gauni libaki na rangi, kila kitu kingine kizimwe. Nikamwambia dada hiyo mbona kazi ndogo sana. Huu mdomo huu!

Nikalipa elfu 35 kwa "mwalimu" mmoja, simtaji, anajijua, ana kundi la WhatsApp la kufundisha kuedit kwa wanaoanza. Siku ya kwanza kujitambulisha. Siku ya pili voisi noti ya dakika tisa kuhusu fursa na kuamka saa kumi alfajiri. Siku ya tatu ndo ikaja video, na nusu ya video ni salamu, halafu somo lenyewe ni hivi: fungua apu, bonyeza ile alama ya kitonesha dawa ya macho, gusa rangi unayotaka ibaki, zingine zote zinakufa, asanteni sana tukutane kesho. Mfano aliotumia ni dada wa kizungu nywele za dhahabu kashika mwavuli mwekundu kasimama kwenye theluji. Kwenye theluji jamani! Hata mbuzi angeichagua ile nyekundu.

Yangu mimi ni dada maji ya kunde, gauni jekundu, kasimama kwenye udongo wa Karatu, nyuma yake ukuta wa tofali za kuchoma. Wanaoujua huu udongo wanajua, ukitoka asubuhi na soksi nyeupe jioni umeshahamia Simba. Nikagusa gauni. Gauni likabaki, udongo ukabaki, ukuta ukabaki, uso ukabaki, mikono ya mashangazi yote ikabaki, kilichokufa ni migomba na anga. Nikashusha kile kiwango cha kukubali rangi jirani ili iachie ngozi, shavu moja likawa kijivu lingine la rangi, mabaka mabaka kama mtu katoka tetekuwanga juzi. Na chini pembeni chapa ya apu imekaa kubwaaa, eti lipia kwa wiki ndo iondoke.

Nikamuuliza mwalimu kwenye kundi, akanijibu "kuedit ni pasheni mkuu, ongeza juhudi" na emoji ya moto. Nikaongeza juhudi. Nikauliza tena, nikatolewa kwenye kundi.

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho kwa elfu 35 yangu hakuna aliyeniambia. Ile programu haijui gauni ni nini wala ngozi ni nini. Inachojua ni rangi zimepangwa kwenye duara la digrii 360, nyekundu iko sifuri, na ngozi ya binadamu, uwe mweusi tii uwe mzungu wa Norway, inaangukia pale kwenye uchungwa jirani kabisa na nyekundu, tofauti yetu kubwa iko kwenye mwanga na giza. Na udongo mwekundu nao uko hapo hapo kwa sababu wekundu wake ni chuma kilichopata kutu. Yaani gauni, mtu na ardhi wanagawana uzio mmoja halafu unaniambia niguse tu. Gauni lingekuwa la bluu ingekubali bila shida, na nimejaribu kwa picha ya sare ya shule, imekubali mara moja. Kwa hiyo njia yenyewe haina kosa, kosa ni la mtu anayeifundisha kama dawa ya magonjwa yote na hajawahi kuijaribu kwa picha ya shangazi yake mwenyewe!!

Basi nikasema nijitafutie. Kosa lingine. Ukitafuta kwa jina la Kiingereza, silektivu kala (nimeandika inavyotamkwa msinicheke), nusu ya video zinakupeleka kwenye Photoshop sehemu yenye jina karibu hilo hilo ambayo haihusiani kabisa na hii staili. Ile ni ya kurekebisha rangi, unaingia kwenye nyekundu unaongeza au kupunguza samawati, majenta, njano na nyeusi, mambo ya watu wa kuprinti magazeti. Nimeangalia video tatu nzima nasubiri picha igeuke nyeusi na nyeupe, haigeuki, najiona mjinga, bando gigabaiti mbili limeenda, kumbe niko darasa la watu wengine. Mtu akiweka video kama hiyo si aseme tu mwanzoni?

Ikaja njia ya kifutio. Hapo nilikuwa nimehamia GIMP kwenye laptopu yangu ya RAM 4, programu ya bure, ipo tangu 1996, sina ugomvi nayo. Unanakili leya (yaani tabaka la picha) zinakuwa mbili, ya juu unaiua rangi, halafu unachukua kifutio unafuta pale kwenye gauni ili rangi ya leya ya chini ichungulie. Mimi mara ya kwanza badala ya kuua rangi ya leya ya juu nikaligeuza faili zima kuwa greisikeli (kijivu tupu), maana video ilisema "badilisha iwe greisikeli" na mimi nikaona neno hilo hilo kwenye menyu nikabonyeza. Kumbe ile inaua rangi ya leya zote kwa mpigo. Nikafuta karibu saa nzima nafukua kijivu chini ya kijivu. Mke wangu ananiuliza unafanya nini namwambia natafuta gauni.

Nikaanza upya, sasa ikakubali, nikafurahi kama mtoto. Ila kifutio kikila kimekula. Ukiteleza ukafuta na kidole cha dada, unarudi nyuma kwa Kontroli Z, na hatua za kurudi zina mwisho, na ukishafunga programu zote zimekufa. Picha ya nne nimemaliza saa nane usiku nikaihifadhi JPEG tu nikafunga nikalala. Asubuhi mteja anasema kaka na viatu pia viwe na rangi. Nafungua, leya hakuna, JPEG imekandamiza kila kitu kuwa karatasi moja. Kazi ya masaa matatu nikaanza moja. Kwenye video zote nilizoangalia hakuna hata mmoja aliyesema hifadhi kwanza kwa XCF, faili la GIMP lenyewe linalotunza leya, ndo utoe JPEG ya kumpa mteja. Ni sentensi moja tu jamani. Mnapata muda wa kusema bonyeza kengele, sentensi moja inawashinda?

Sasa kilichonifanya nifungue huu uzi ni hiki. Jana usiku nimekuja kugundua, kwa kubonyeza bonyeza tu baada ya wiki mbili za mateso, kwamba kuna kitu kinaitwa MASKI. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Unanakili leya, ya juu unaiua rangi, halafu badala ya kifutio unaiwekea maski nyeupe, unachukua brashi nyeusi unapaka juu ya gauni. Palipo na nyeusi leya ya juu inajificha, palipo na nyeupe inaonekana, ukipaka kijivu inakuwa nusu nusu. Umeteleza ukapaka kidole? Bonyeza X brashi inageuka nyeupe, paka tena, kidole kimerudi kuwa kijivu. Leo, kesho, mwaka kesho, ili mradi una ile XCF. Hakuna kinachofutwa! Mteja anataka viatu, unafungua unapaka viatu, dakika tano, unachukua hela yako.

Angalizo moja tu, hakikisha umebonyeza kile kipicha cha maski kwenye orodha ya leya na sio picha yenyewe, la sivyo unampaka dada wa watu wino mweusi usoni. Msiniulize nimejuaje.

Sasa niambieni, hiki kitu kina ugumu gani cha kufichwa? Nimekielezea hapo kwa mistari michache nikiwa na usingizi. Hata kwenye simu kipo, Snapseed ya bure kabisa, unaweka nyeusi na nyeupe, unakubali, halafu unaenda kwenye orodha ya mabadiliko uliyofanya, unaigusa ile ya nyeusi na nyeupe, kuna brashi, unachagua wapi ikae na wapi isikae. Na huyu mwalimu anaijua! Nimeambiwa na jamaa aliyebaki kwenye kundi kwamba maski iko kwenye "kozi ya juu", elfu 80. Yaani wa elfu 35 tunafundishwa kugusa rangi tu ili tukwame turudi na hela nyingine. Huo ni ufundishaji au ni kumkodisha mtu ngazi halafu vipandio unamuuzia kimoja kimoja?

Na bado sijamaliza. Ukienda kuua rangi kwenye GIMP inakupa njia tano za kuiua. Hakuna anayezielezea, wote wanasema "chagua yoyote". Mimi nikachagua yoyote, ile ya Valyu. Mashangazi wote wakatoka weupe pee, udongo ukawa kama unga wa sembe. Mteja kaniambia kwa sauti mbele ya watu dukani, "kaka umetuchubua ukoo mzima?" Kumbe ile Valyu inachukua tu namba kubwa kati ya nyekundu, kijani na bluu, na ngozi yetu namba yake ya nyekundu ndo iko juu, kwa hiyo inampandisha kila mtu mwanga. Ile ya Luminansi inapima kama jicho linavyoona, kijani inapewa uzito zaidi ya nusu, na watu wanabaki na rangi zao za heshima. "Chagua yoyote" imenifanya nionekane nauza mkorogo.

Halafu ninyi wateja nanyi, msidhani mmepona. Picha sita kati ya zile 12 alipiga binamu yake kwa simu akanitumia kwa WhatsApp kawaida. Picha ikipita huko inaminywa, na kwenye JPEG iliyominywa, mara nyingi pikseli (vitone vya picha) nne zinagawana rangi moja, mwanga ndo unabaki na maelezo yake. Ikiwa ya rangi zote huoni kitu. Ukiizima yote ukabakiza gauni tu, pembeni ya gauni unaona wekundu umevuja nje kama chai imemwagika kwenye kitambaa, hata upake maski kwa mkono wa daktari wa macho. Tumeni kama dokumenti. Nimelibandika hilo dukani kwa makapeni.

Nimebakiwa na kitu kimoja kimenishinda kweli, na hapa nauliza kwa wema. Gauni jekundu juani linapiga wekundu chini ya kidevu na kwenye mikono ya ndani. Hiyo sehemu nikiifanya kijivu kabisa inakatika ghafla pale kwenye mstari wa shingo, dada anakuwa kama kichwa kimebandikwa. Nikiacha rangi kidogo anakuwa kama kajichoma pasi. Nimejaribu brashi laini, nimejaribu kijivu cha nusu kwenye maski, picha mbili zimekubali, ile kubwa ya kuweka fremu imegoma. Na kuna leisi mabegani ina vitundu, kila kitundu kinaonyesha ngozi, sasa ngozi ya ndani ya vitundu nayo niizime kimoja kimoja au mnafanyaje? Mteja anakuja Jumamosi saa nne na mama yake.

Anayejua aseme hapa hapa kwenye uzi, kila mtu asome.

NYONGEZA: Uzi hauna hata nusu saa, watu wawili wameshanifuata PM kuniuzia kozi. Mmoja ni elfu 20, video ya mfano aliyonitumia ni dada yule yule wa mwavuli kwenye theluji.