Tupeane uzoefu: mliowahi kuishi kwa mkataba Almaty, Tashkent, Bishkek na miji ya jirani

Wakuu, heshima kwenu.

Nimerudi Dar mwezi uliopita baada ya miezi 7 Almaty, Kazakhstan, kwenye mkataba wa kufunga mitambo ya simu. Kabla ya safari nilitafuta Mswahili wa kunieleza kukoje huko, nikaambulia watu wa kunitisha na baridi. Baridi ipo, lakini koti linanunulika. Mimi kilichonitoa jasho ni chai.

Wiki ya pili fundi mwenzangu, Mkazakh, alinialika kwao. Mama yake akanimiminia chai ya maziwa kwenye kibakuli kisicho na mshikio. Ikafika robo tu. Nikajisemea, huyu mama mkono wa birika. Nikamaliza kwa mafunda mawili, akaongeza robo nyingine. Ilipofika raundi ya tano nikaona namchosha mtu mzima, nikamwonyesha kwa ishara ajaze mpaka juu. Meza nzima kimya, halafu wakaangua kicheko. Kumbe kumjazia mgeni ni kumwambia anywe aende zake. Robo robo maana yake kaa, mazungumzo bado, na chai isikupoe mkononi. Ukitosheka unasema "rahmet", ahsante yao, ndugu na rehema yetu.

Mengine haraka haraka. Mji umeinama, milima iko kusini, kwa hiyo mtu anakuelekeza kwa "juu" na "chini": "juu ya Abay" ni upande wa milimani wa barabara ya Abay. Malipo ni Kaspi kwenye simu, hata muuza tufaha wa Soko la Kijani anayo. Bila namba ya utambulisho, IIN, huifungui, na mimi mwanzoni nilitembea na bunda la tenge, pesa yao, kama mfanyabiashara wa ng'ombe. Joto la majumbani linaletwa kwa mabomba ya mji, kuanzia Oktoba hivi mpaka Aprili, na wewe huna swichi. Nje nyuzi 15 chini ya sifuri, ndani umevaa singlendi na dirisha umefungua. Wenye pumu wajipange: moshi wa makaa ya mawe hutuama juu ya mji majira ya baridi.

Haya, mwageni ya kwenu.

Mwalimu wa Nakuru: Mimi Mkenya, nilifundisha Kiingereza Tashkent mwaka mmoja. Siku ya kwanza naambiwa kazi iko "maktab", nikafurahi, nitakaa na vitabu kimya kimya. Nafika, watoto mia wanapiga kelele uwanjani. Maktab kwao ni shule! Ila baada ya hapo masikio yalifunguka: kitob, dunyo, vaqt, xabar. Nilikuwa nadaka neno moja katika kila sentensi, inatosha kukudanganya kwamba umeelewa.

Sasa sikizeni hili. Uzbekistan mgeni anatakiwa kusajiliwa anapokaa ndani ya siku 3. Mwenye nyumba wangu kila nikimuuliza ni kesho, kesho. Faini ilipokuja jina lililoandikwa ni langu, si lake. Kabla hujalipa kodi, mwambie asajili kwanza, na ukae naye mpaka umalize.

Na msidanganywe na baridi peke yake. Kiangazi kuna kitu wanaita chilla, arobaini ya joto, siku 40 kuanzia mwisho wa Juni. Zinavuka nyuzi 40. Nililala nimejifunika taulo lililolowa.

Bint Ngamiani: Jamani, na pilau lao? Mume wangu alinipeleka kulila hukohuko Tashkent kwa mbwembwe. Karoti nyingi, dengu, zabibu kavu, mafuta ya mkia wa kondoo, bizari nyembamba. Mdalasini hakuna, iliki hakuna, karafuu hakuna. Tamu, sikatai. Lakini pilau? Mimi ni mtu wa Tanga.

Mleta uzi: @Bint Ngamiani dada, sambusa zao je? Wanaita samsa, wanazioka tanuruni.

Bint Ngamiani: Hizo nakubali.

Mzee wa Makontena: Bishkek, Kirigizistani, miezi 4. Kiangazi maji ya moto ya bomba hukatwa wiki kadhaa kwa matengenezo, na mji mzima unaona kawaida. Nunua hita ya maji. Nenda soko la Dordoy: makontena ya meli yamepangwa ghorofa mbili, ghala juu, duka chini, na nchi yenyewe haina bahari!

Kipchumba Feki: Almaty kila dereva wa teksi aliniuliza kama nakimbia. Ni kwa sababu ya Norah Jeruto, mzaliwa wa Kenya aliyewapa Kazakhstan dhahabu ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Eugene 2022. Mimi ni mhasibu, nina kitambi. Mmoja alinitazama kwenye kioo, akasema, "Sasa umestaafu?"

Mgeni Njiani: Mimi naenda Astana Novemba, miezi 6. Wakuu, unga wa ugali unapatikana?

Mleta uzi: Mkuu, Astana ni nyika na upepo, nyuzi 30 chini ya sifuri ni kawaida, usipime kwa Almaty. Kuhusu ugali, mimi nilisonga manka, yaani semolina, ngano iliyosagwa chengachenga, ipo kila duka. Inakaza vizuri. Ila beba mwiko, mimi nilivunja vijiko viwili vya mwenye nyumba.