Chuo kinataka digrii ya mtandaoni ianze Oktoba, nianzie wapi?

Chaki Nyeupe (mleta mada):
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja binafsi huku Nyanda za Juu Kusini. Uongozi umenikabidhi kazi ya kuanzisha shahada ya ualimu kwa njia ya mtandao, ianze Oktoba hii. Majengo tunayo, wanafunzi ndio wamepungua, kuna somo nafundisha watu tisa. Naomba kujua: Moodle na Google Classroom, hii mifumo ya kufundishia mtandaoni, ipi rahisi? Na kurekodi vipindi kwa simu kunatosha? Usingizi umeniruka kabisa. Matusi hapana tafadhali.

Fundi Seva:
Moodle. Hulipii leseni, na Chuo Kikuu Huria wanaitumia. Ila msiiweke kwenye seva ya bei chee, siku ya jaribio watu mia mbili wakiingia kwa pamoja inakata roho. Vipindi viwe vifupi, na muweke sauti peke yake kwa wasio na bando. Mtu wa Ludewa hawezi kumaliza bando la wiki ili akuone umesimama mbele ya pazia.

Mzee wa Vitini:
Umenikumbusha mbali kijana. Huria ilianzishwa kwa sheria ya 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994. Mimi niliingia miaka michache baadaye, nafundisha shule ya msingi Namtumbo. Vitini nafuata Songea, narudi navyo kwenye lori la mahindi. Nasoma kwa kibatari, mama watoto akanuna mwezi mzima akidhani naandikiana barua na mwanamke. Nikamfungulia kitini cha saikolojia ya elimu asome mwenyewe. Akasoma ukurasa mmoja, akaniambia bora ingekuwa mwanamke.

Bi Staha:
😂😂 Babu shikamoo.

Mzee wa Vitini:
Marahaba mjukuu wangu.

Mkaguzi Mstaafu:
Mleta mada, kabla ya Moodle: hiyo programu ya masomo imepata ithibati ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu?

Chaki Nyeupe:
Mkuu, shahada ya ualimu tunayo miaka mingi na ina ithibati. Tunaihamishia mtandaoni tu. Naomba turudi kwenye suala la video.

Mkaguzi Mstaafu:
Ya darasani sijaiuliza. Njia ya kufundishia ni sehemu ya mtaala unaopelekwa kukaguliwa. Ukiibadilisha, unarudi mezani kwao. Shahada ya kwanza ni krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 3,600. Lazima uoneshe zinakwenda wapi: mihadhara, kujisomea, kazi za kutuma, mitihani. PDF na grupu la WhatsApp havijazi hizo saa. Mitihani mtafanyia wapi, na nani anasimamia? Mazoezi ya kufundisha je? Mwalimu hafuzu bila kusimama mbele ya watoto akaguliwe. Halafu nijibu hili: tangazo limeshatoka?

Kijiwe Nongwa:
Amekimbia huyo.

Chaki Nyeupe:
Sijakimbia, nilikuwa kipindini. Ndiyo, tangazo limetoka tangu Juni. Waombaji wapo na baadhi wameshalipa sehemu ya ada. Lakini msikuze mambo, makabrasha ya TCU yanaandaliwa, yatapita tu. Mbona wakati wa corona watu walifundisha mtandaoni na hakuna aliyefungwa?

Mkaguzi Mstaafu:
2020 ilikuwa dharura. Vyuo vilifungwa Machi, Juni mosi vikafunguliwa, watu wakarudi madarasani. Wewe unauza digrii ya miaka mitatu. Mtu atamaliza, ataomba ajira, cheti kitahakikiwa, na programu haipo kwenye orodha. Rudisheni hela za watu, au muwaandikie kwamba ithibati bado, wachague wenyewe.

Chaki Nyeupe:
Kirahisi hivyo? Hela imeshaingia kwenye mishahara. Na mimi barua ya uratibu nimeshasaini, kuna posho, si kubwa. Nikigoma atapewa mwingine na kazi itaendelea vilevile. Bora niwepo mimi ninayejali ubora.

Bi Staha:
Ninayejali ubora 🙄 Kila anayekula cha watu huanza hivyohivyo. Mcha Mungu angekataa hiyo barua siku ya kwanza.

Fundi Seva:
Dada, mwenzio ana kodi ya nyumba. Tuendelee na seva.

Kijiwe Nongwa:
Wadau, hii ni chai. Asubuhi mtu hajui Moodle, jioni anajua ada imeingia kwenye mishahara. Mhadhiri msaidizi gani anaoneshwa vitabu vya mhasibu?

Sina Presha:
Mimi nadhani si mhadhiri. Ni mmoja wa waliolipa, anatutega tumwambie kama hela yake ipo salama. Kama ni wewe ndugu yangu, fungua tovuti ya TCU utafute jina la programu yako. Usitafute jina la chuo peke yake, chuo kinaweza kuwepo na kozi isiwepo.

Chaki Nyeupe:
Msiniamini, sawa. Kwenye vyuo vidogo mhasibu tunakula naye mgahawa mmoja, siri inatoka wapi?

Mzee wa Vitini:
Chai au si chai, Mkaguzi kaeleza vizuri. Ila hiyo ya lori la mahindi ni kweli tupu, msije mkaniunganisha na mimi.

Mama Wawili Mbozi:
Samahani nimechelewa kuingia kwenye uzi. Mimi nina stashahada ya ualimu, GPA 3.2, nafundisha na nina mtoto mchanga, kwenda chuo siwezi. Hiyo ya mtandaoni ada inalipwa kwa awamu?

Mkaguzi Mstaafu:
Mama, rudi juu usome uzi wote kwanza.

Chaki Nyeupe:
Awamu nne. Njoo PM.